Hewa Tunayoivuta: Ukungu wa Ukutani na Kifua Kinachobana (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza ya makala haya nilizungumzia moshi wa mkaa na vumbi la barabarani, vitu ambavyo mkazi yeyote wa Dar es Salaam huviona kwa macho yake na kuvilaumu. Leo nakuja kwenye kitu ambacho hakionekani kikiwa angani, ila kikishatua kila mmoja wetu anakifahamu. Ni ile kawa inayojitokeza kwenye kanzu iliyokaa kabatini tangu Idi. Ni uvundo wa godoro mwezi wa Aprili, vumbi la kijani juu ya limau lililosahauliwa jikoni, na lile doa jeusi linalopanda nyuma ya kitanda, ambalo mwenye nyumba hulipaka rangi mpangaji mmoja anapotoka ili anayeingia asilione.

Vyote hivyo ni kuvu. Mjini wengi husema fangasi, wengine ukungu, na wazee wa Pwani husema koga. Kwa kuwa ukungu kwetu ni pia ule unaofunika milima ya Usambara asubuhi, nitatumia neno kuvu kwa kiumbe chenyewe, na ukungu kwa utando wake tunaouona ukutani au kwenye mkate. Chembe anazozaliana nazo kiumbe huyu, zile zinazopeperuka hewani, nitaziita spora.

Nasema mapema ninakompeleka msomaji. Kuvu iliyoko nje hatuna pa kuikimbilia, kwa sababu ni sehemu ya hewa ya nchi ya joto yenye mvua. Ile iliyoko ndani ya nyumba tunaifuga wenyewe, na tunaifuga kwa maji.

Kuvu haitengenezi chakula chake kwa mwanga wa jua kama mmea. Hutoa vimeng'enya, huyeyusha kilicho mbele yake, kisha hufyonza. Jani lililoanguka, mti uliooza, ngozi ya kiatu, gundi ya kitabu, karatasi, ubao, hata vumbi lililotanda juu ya rangi ya ukuta, vyote kwake ni chakula. Aina zilizokwisha kupewa majina zinafika kama 150,000, na makadirio yaliyotolewa mwaka 2017 yanaweka jumla yake kati ya milioni 2.2 na milioni 3.8. Kuna ile ngumu kama ubao inayochomoza mithili ya rafu kwenye visiki vya miti, iitwayo kitaalamu Ganoderma. Rafu moja kubwa ya namna hiyo inaweza kumwaga spora zipatazo bilioni 30 kwa siku. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam. Kama spora za siku moja za rafu hiyo zingegawiwa sawa kwa wakazi wote, kila mtu angepata zaidi ya 5,500, mtoto mchanga akiwemo.

Nilipokuwa nafundisha baiolojia katika shule ya sekondari mjini hapa, kila masika niliwapa wanafunzi kazi moja. Tulichemsha viazi, tukachuja maji yake, tukayagandisha kwenye visahani vya kioo, kisha tukaviweka wazi dirishani kwa dakika 10. Kundi la kwanza lilifanya hivyo kabla jua halijachomoza, kundi la pili saa 7 mchana. Baada ya siku tatu visahani vilikuwa vimeota bustani, na bustani hizo hazikufanana. Wanafunzi waliuliza kwa nini, na jibu lake linafaa kuelezwa kwa kituo.

Kuvu zina njia mbili kubwa za kuzirusha spora zake. Zipo zinazohitaji unyevu. Uyoga na jamaa zake hurusha spora kwa nguvu ya tone dogo la maji linalojikusanya kwenye kitako cha spora muda mfupi kabla haijaruka. Mtaalamu wa uyoga A. H. R. Buller, aliyefundisha Winnipeg, Kanada, alilichunguza tone hilo mwanzoni mwa karne ya 20, na hadi leo linaitwa kwa jina lake. Kuvu nyingine, kama ile inayoleta madoa kwenye majani ya migomba, huficha spora ndani ya vifuko vinavyovimba kwa umande au mvua hadi vikafyatuka. Makundi haya mawili ndiyo yanayotawala hewa ya usiku wa manane na alfajiri, na saa chache baada ya mvua kunyesha.

Njia ya pili ni ya ukavu. Spora huota juu ya vijiti vyembamba, zikakauka, zikasubiri upepo uzing'oe. Humo mna Cladosporium, Alternaria, Aspergillus na Penicillium, majina manne ambayo daktari wa mzio hukutana nayo kila siku, pamoja na fugwe, ule unga mweusi unaotoka kwenye suke la mtama au bunzi la hindi lililougua. Jua linapopanda, umande ukakauka na upepo wa bahari ukaanza kuvuma, zamu inakuwa yao. Kwa hiyo mkazi wa Kinondoni anayekwenda kuswali alfajiri na yule anayefagia uani saa 6 mchana wanavuta hewa mbili tofauti, ingawa wanaishi mtaa mmoja.

Mvua inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Matone makubwa husafisha anga, yakazishusha chini spora zilizokuwa zikielea. Matone hayohayo hupiga majani makavu na taka zilizorundikwa sokoni, na kila tone linalotua hurusha nyingine. Kisha unyevu unaobaki huzalisha kundi jipya. Ndiyo maana vuli ikianza baada ya miezi mikavu ya kusi, watu wenye pumu hulalamika wiki hiyohiyo ambayo wakulima wanafurahi.

Mtu mzima huvuta kiasi cha mita za ujazo 10 hadi 12 za hewa kwa siku. Hewa yenye spora 1,000 katika kila mita ya ujazo si jambo la ajabu katika nchi za joto. Msomaji akizidisha, ataona kwamba spora 10,000 na zaidi zinapita puani mwake kati ya jua kuchomoza na jua kuchomoza. Wengi wetu hatupati lolote. Pua hunasa, ute hubeba, tunameza, mambo yanakwisha.

Hapa ukubwa wa chembe ndio unaoamua. Unywele wa mtu una unene wa mikroni 70 hivi, na mikroni moja ni sehemu moja ya milioni ya mita. Spora ya Alternaria, ambayo chini ya hadubini inafanana na rungu lililogawanywa kwa kuta ndogondogo, ina urefu wa mikroni 20 na zaidi. Nzima ilivyo, nyingi huishia puani na kooni. Spora ya Aspergillus ni mpira mdogo wa mikroni 2 au 3, na hiyo inapita pua, inapita koo, inashuka mirija yote ya hewa hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu. Udogo huo huifanya pia ikawie kutua. Katika chumba kisicho na upepo, chembe ya mikroni 3 huchukua kama saa nzima kushuka mita moja, ilhali chavua ya nyasi hushuka umbali huo kwa chini ya dakika moja. Ukikung'uta mto wenye ukungu kisha ukatoka, ukirudi baada ya nusu saa bado unazivuta spora ulizozikung'uta.

Jina Aspergillus lina historia yake. Mwaka 1729 mtaalamu wa mimea wa Florence, Pier Antonio Micheli, aliichungulia kuvu hiyo kwa hadubini akaona kichwa cha duara chenye nyuzi za spora zinazosambaa pande zote. Ilimkumbusha kifaa cha kunyunyizia maji ya baraka kanisani, akaipa jina lake. Micheli huyohuyo alizichukua spora akazipanda juu ya vipande vya tikiti, akaona kila aina inazaa aina yake. Nyakati hizo wasomi wengi waliamini kwamba ukungu unazuka wenyewe tu kutokana na kuoza. Bado nawasikia watu wanaoamini hivyo, wanaposema kwamba ukuta "umetoa" fangasi. Ukuta hautoi kitu. Spora ziliingia kwa dirisha kama zinavyoingia kila siku, zikakuta maji.

Aliyeonja madhara kwa makusudi ni daktari wa Manchester, Charles Blackley. Yeye mwenyewe aliteswa na mafua ya kiangazi, na utafiti wake aliouchapisha mwaka 1873 ndio ulioonyesha kwamba chavua ya nyasi ndiyo inayoyaleta. Katika majaribio yake alivuta pia spora za Penicillium. Sauti ilikauka hadi akashindwa kusema, na kifua kikamuuma kwa siku kadhaa. Hakurudia jaribio hilo.

Sasa tuje kwenye mzio. Kabla ya hospitali kutuletea neno aleji, Kiswahili kilikuwa tayari na neno lake. Mzio ni kile chakula ambacho mtu akikila kinamdhuru, kikamwasha au kumvimbisha, wakati ndugu zake wanakila sahani moja bila shida. Wazee wetu hawakuhitaji maabara kujua kwamba tatizo haliko kwenye samaki peke yake wala kwenye mtu peke yake, ila pale wawili hao wanapokutana. Clemens von Pirquet, daktari wa watoto wa Vienna, alifikia wazo linalokaribiana na hilo mwaka 1906 alipounda neno la kitaalamu linalotumika duniani kote sasa.

Ndani ya mwili mambo huenda hivi. Kinga ya mwili ni kama sungusungu wa mtaa, kazi yake kumtambua mgeni mwenye nia mbaya. Kwa baadhi ya watu, mara nyingi waliozaliwa katika familia zenye pumu au ukurutu, sungusungu huyu humwona mpita njia akamwandika katika daftari la wezi. Spora ya kwanza haileti kelele yoyote. Mwili unatengeneza kingamwili za kundi la E, zilizogunduliwa na Kimishige na Teruko Ishizaka huko Denver, Marekani, mwaka 1966, na kingamwili hizo zinakwenda kujishika kwenye seli maalumu zilizojaa histamini, zilizotapakaa puani, machoni na kwenye mirija ya hewa. Siku spora za aina ileile zikirudi, seli hizo hupasua mizigo yao kwa dakika chache. Pua inawasha na kutiririka, chafya zinafuatana, macho yanakuwa mekundu. Kwenye mirija ya hewa, misuli inakaza, ngozi ya ndani inavimba, ute unaongezeka, na kifua kinaanza kulia kama filimbi. Saa kadhaa baadaye, hata kama mtu ameshatoka mahali pale, wimbi la pili la uvimbe linakuja. Wimbi hilo la pili humfanya mtu aliyefagia stoo asubuhi abanwe usiku, asione uhusiano wowote kati ya mambo hayo mawili.

Spora za kuvu zina ubaya wake wa ziada. Nyingi zinabeba vimeng'enya vya kuyeyusha protini, vilevile zinavyotumia kuozesha majani, na vimeng'enya hivyo hukwaruza utando wa ndani wa mirija. Chavua huubisha mlango ule, kuvu inakuja na tindo.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa na pumu, na 455,000 walikufa kwayo. Si wote walioumizwa na kuvu. Katika miji ya joto utitiri wa vumbi na mende wana sehemu kubwa sana, na moshi nilioueleza wiki iliyopita una yake. Lakini kuvu inaonekana zaidi kadiri ugonjwa unavyokuwa mkali. Mwaka 1991 madaktari wa Marekani waliwaelezea vijana 11 wenye pumu ambao pumzi zao zilikatika ghafla, wawili kati yao wakafa. Walipopimwa, 10 kati ya 11 walikuwa na mzio wa Alternaria, na mashambulizi yaliwajia katika miezi ambayo spora hizo hujaa hewani. Huko Birmingham, Uingereza, mvua ya radi ya Julai 1983 ilijaza chumba cha dharura cha hospitali kwa watu waliobanwa pumzi, na vipimo vya hewa vya siku ile vilionyesha spora za kuvu iitwayo Didymella zimepanda. Hao walikuwa watu waliotembea barabarani tu, hawakugusa kitu.

Nimesema kuvu ya nje hatuwezi kuikimbia. Turudi nyumbani, ambako ndiko kuliko na kazi.

Ukungu unahitaji sehemu iliyolowa au hewa iliyogusana na ukuta yenye unyevu wa asilimia 75 hadi 80 na kuendelea. Dar es Salaam miezi ya masika hewa yenyewe inakaribia hapo bila msaada wa bomba linalovuja. Kitu kilicholowa kisipokauka ndani ya saa 24 hadi 48, ukungu unaanza kuota. Ndiyo kipimo cha kukumbuka, saa 24 hadi 48. Fikiria basi nyumba za bonde la Msimbazi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40, na Serikali ikawahamishia wengi Mabwepande. Wengine walirudi Jangwani na Kigogo, wakalala katika vyumba ambavyo tofali zake zilikunywa maji kwa siku nzima. Tofali la saruji lililoshiba maji halikauki kwa saa 48. Linachukua wiki na miezi, na wakati huo wote linaotesha. Magazeti huhesabu waliokufa maji. Watoto wanaokohoa Februari na Machi hakuna anayewaunganisha na mvua ya Desemba.

Mafundi wetu wana msemo, "ukuta huu una fangasi", wakionyesha lipu inayobanduka na unga mweupe uliotokeza karibu na sakafu. Mara nyingi unga ule mweupe ni chumvi. Maji ya ardhini yanapanda ndani ya tofali kwa sababu aliyejenga hakutandaza nailoni juu ya msingi, au mchanga wenye chumvi ulitumika, na maji yanapotoka nje ya ukuta kama mvuke huacha chumvi nyuma. Jaribu kuudondoshea tone la maji. Chumvi itayeyuka, ukungu utabaki na kuchafua kidole. Hata hivyo sipendi msomaji aliyegundua kwamba ni chumvi aende kulala akiwa ameridhika. Chumvi ni shahidi kwamba ukuta umelowa, na ukuta uliolowa utapata kuvu mwaka huu au ujao, hasa nyuma ya kabati ambako hewa haipiti.

Vyumba vyenye kiyoyozi navyo vina tatizo lake. Toa chupa ya soda kwenye friji uiweke mezani, uone inavyotoka jasho. Jasho lile ni mvuke wa hewa ya chumba uliogusa kioo baridi ukageuka maji. Machi, hewa ya Dar es Salaam hugeuka maji ikigusa kitu chenye nyuzijoto kama 24. Mtu anayeweka kiyoyozi kwenye 18 amegeuza kuta zake kuwa chupa ya soda, na kila mlango unapofunguliwa hewa yenye mvuke inaingia na kutoa jasho palipo baridi zaidi: juu ya dari ya jipsamu, nyuma ya pazia, ndani ya kiyoyozi chenyewe. Karatasi inayofunika bodi ya jipsamu ni chakula kizuri cha kuvu. Kuweka kiyoyozi kwenye 25 au 26 kunapunguza tatizo hili, na kunapunguza bili ya umeme.

Waliojenga Mji Mkongwe wa Zanzibar walitumia mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa inapitisha mvuke, kwa hiyo ukuta uliolowa kwa masika unapumua na kukauka kusi inapovuma, na ukali wake wa asili hauipendezi kuvu. Ukarabati wa siku hizi umefunika kuta nyingi za namna ile kwa saruji, na saruji imefungia maji ndani, lipu ikavimba na kudondoka. Nyumba za Waswahili zilikuwa pia na ua na madirisha yaliyotazamana, hewa ikaingia upande huu ikatokea ule. Tumejenga upya miji yetu kwa tofali la saruji, kigae na dirisha la alumini lisilofunguliwa, katika tabianchi ileile. Naliona hilo ni kosa la ujenzi lenye matokeo ya kitabibu, na shule zinazofundisha ufundi uashi zingepaswa kulisema hivyo.

Niliwahi kupanga nyumba Magomeni. Binti yangu, wakati huo ana miaka sita, alikuwa akikohoa kila usiku kuanzia saa 8. Tulimpa asali, tukampa dawa za kikohozi, tukamfukizia. Siku tuliyosogeza kabati la nguo ili tupake rangi, tulikuta ukuta mweusi kuanzia chini hadi usawa wa kifua changu. Bomba la bafu la jirani lilikuwa linavuja ndani ya ukuta tunaochangia. Mwenye nyumba alipopigiwa simu alituma fundi wa rangi. Nilimrudisha fundi wa rangi, nikatafuta fundi bomba kwa fedha yangu, tukabomoa lipu, tukaacha ukuta ukauke kwa wiki sita huku mtoto akilala chumba kingine. Kikohozi kilipungua. Sidai kwamba nimethibitisha kitu kwa mtoto mmoja, lakini tangu siku hiyo sijaamini tena rangi.

Rangi juu ya ukuta uliolowa inaficha ukungu kwa miezi miwili. Kuvu inakula hata ile rangi. Udi na ubani, ambavyo sisi watu wa Pwani tunavipenda na mimi nikiwemo, vinaondoa harufu ya uvundo kwenye nguo bila kuigusa kuvu, na moshi wake unamkaza mwenye pumu kifua. Dawa ya klorini, ile ambayo wengi huiita jiki, inaua ukungu wa juu kwenye kigae na kioo, ila spora iliyokufa bado inaleta mzio kama iliyo hai. Kwa hiyo kuua hakutoshi, lazima kuondoa. Sehemu ngumu isuguliwe kwa sabuni na maji, ikaushwe. Godoro, zulia na bodi ya jipsamu vilivyoingia ukungu ndani havisafishiki, vitupwe. Anayefanya kazi hiyo avae barakoa, na mwenye pumu atoke nyumbani siku hiyo. Klorini isichanganywe kamwe na dawa kali ya kusafishia choo, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu.

Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na ukungu ndani ya nyumba. Wataalamu waliokaa kuuandika walikataa kutaja idadi ya spora ambayo ni salama, kwa kuwa watu hawaumizwi sawa na kuvu hazifanani. Walichosema ni kwamba unyevu uzuiwe, na ukitokea uondolewe. Sijaona ushauri wa bei nafuu kuliko huo katika afya ya mapafu.

Kuna jambo moja la hospitali nisiloweza kulipita. Tanzania imo katika orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, na kila anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi anapaswa kupimwa. Kifua kikuu kikipona kinaweza kuacha mashimo mapafuni, na Aspergillus inayovutwa kila siku hupata nyumba humo. Mgonjwa anaanza tena kukohoa, kukonda, hata kutema damu. Watu wanasema kifua kikuu kimerudi, anaanzishiwa dozi nyingine, na hapati nafuu, kwa sababu dawa za bakteria haziigusi kuvu. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kwa mara ya kwanza orodha ya kuvu 19 hatari zaidi kwa binadamu, na Aspergillus fumigatus iko katika kundi la juu kabisa. Mtu aliyemaliza dawa za kifua kikuu, makohozi yake yakapimwa bila kuonekana kimelea, na bado anakohoa damu, ana haki ya kumuuliza daktari wake juu ya kuvu.

Kila jioni Mamlaka ya Hali ya Hewa hututangazia mvua, upepo na mawimbi ya bahari, na wavuvi wanaokoka kwa habari hizo. Spora nazo zinaweza kupimwa na kutangazwa hivyohivyo. Mwaka 1952 John Hirst wa kituo cha kilimo cha Rothamsted, Uingereza, alibuni mtego wa spora ili kufuatilia magonjwa ya mazao. Toleo linalotumika sasa lina pampu inayovuta lita 10 za hewa kwa dakika, karibu na kiasi anachovuta mtu, na kuzinasa chembe kwenye utepe wenye gundi unaozunguka polepole kwa siku saba. Kinachobaki ni mtu mwenye hadubini na subira. Mtego mmoja juu ya paa la chuo au hospitali, ukiwekwa masika hadi masika, ungewaambia wenye pumu wa jiji hili wiki za kuongeza tahadhari. Nawaomba wenye uwezo walifikirie. Na wenye nyumba za kupangisha nawaomba wamtume fundi bomba kabla ya fundi rangi.

Wiki ijayo nitaeleza pampu za pumu, kwa nini ile ya kuzuia inaachwa na ile ya kufungua pumzi inatumiwa kupita kiasi. Hadi hapo, ndugu msomaji, sogeza kabati lako kutoka ukutani upana wa kiganja, uchungulie kilichoko nyuma yake.